Ritifaa katika Mtego wa Kompyuta

Kompyuta haijui nukta wala mkato mpaka ielekezwe. Katika ruwaza za kutafutia maandishi, alizozifafanulia mbinu Ken Thompson wa Marekani mwaka 1968, siku hizi alama ya ^ ikitangulia ndani ya mabano ya mraba hukanusha. Hivyo [^A-Za-z0-9\s] hunasa kila kisichokuwa herufi, tarakimu wala nafasi, na vituo vyote hupatikana bila kutajwa kimoja kimoja.

Kwa Kiswahili, mtego huo humnasa hata ng'ombe. Ritifaa ikifutwa pamoja na vituo, ng'oa huwa ngoa, yaani wivu, na kamusi itakayotokana na maandishi hayo itapotoka. Dawa ni kuiingiza ritifaa mabanoni, [^A-Za-z0-9\s'’], iliyonyooka na iliyopinda pia. Kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti, jambo linalosahauliwa mno.