Mteja Mgumu na Zulia Lake

Mazungumzo kwa vijana na akina mama wa kaunti wanaofanya kazi ya kusafisha mazulia



Kazi ya kusafisha mazulia inawalisha watu wengi mitaani. Mtaji wake wa kuanzia si mkubwa: brashi, sabuni, ndoo, maji ya kutosha na, kwa aliyepiga hatua, mashine ya kufyonza maji. Lakini wengi huiacha mapema, na kinachowatoa si uzito wa zulia lililolowa. Ni maneno ya mwenye zulia. Fundi anashinda juani kutwa nzima, jioni anaambiwa, "Zulia langu halikuwa hivi," na anarudi nyumbani mikono mitupu.

Upande wa pili yupo mama aliyelinunua zulia hilo kwa pesa za chama, zamu yake ilipofika baada ya kungoja mwaka mzima. Amerudishiwa likiwa limevuja rangi nyekundu kwenye maua meupe. Huyo naye ana haki ya kukasirika. Kwa hiyo swali la kwanza si jinsi ya kumshinda mteja mgumu, bali ni nini kilichomfanya awe mgumu.

Ugomvi huanza kabla ya maji

Malalamiko mengi hutokana na jambo ambalo halikusemwa asubuhi. Mteja alidhani doa la miaka mitatu litaondoka. Fundi alijua haliondoki, akanyamaza asije akakosa kazi. Jioni wote wawili wanajiona wamedanganywa.

Dawa yake ni kulikagua zulia pamoja na mwenyewe, kwenye mwanga wa mchana, kabla ya kulowesha hata ncha. Madoa yahesabiwe, na sehemu zilizochanika au kupauka zionyeshwe kwa kidole. Picha zipigwe kwa simu, mteja akiona. Kisha fundi alijaribu zulia: kitambaa cheupe kilicholowa maji na sabuni kikandamizwe kwenye kona isiyoonekana kwa dakika chache. Kitambaa kikitoka na rangi, zulia hilo litavuja, na mteja aambiwe papo hapo. Zulia la sufu lisipewe maji ya moto wala kusuguliwa kwa nguvu, kwa sababu hujikunja na kupungua. Mahali palipomwagikiwa jiki si doa. Ni rangi iliyokufa, na hakuna sabuni ya kuirudisha.

Maneno yenyewe hayahitaji kuwa mengi. "Mama, hili la chai litapungua, lakini huenda lisiishe. Hili la wino siahidi. Tuendelee?" Mteja akikubali, iandikwe: ukubwa wa zulia, hali yake, bei, siku ya kurudisha na nambari ya simu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hata daftari la shule la kurasa chache linatosha.

Doa linaporudi

Kuna lalamiko moja ambalo kila fundi atakutana nalo: zulia lilirudi safi, na baada ya siku mbili doa limejitokeza palepale. Mteja husema fundi alilipaka tu juujuu. Mara nyingi si hivyo. Uchafu uliozama kwenye mizizi ya nyuzi hupanda juu pamoja na maji yanapokauka, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Sabuni isiyosuuzwa vizuri nayo hubaki ikinata na kuvuta vumbi upya.

Anayejua hivyo hupunguza maji, husuuza mpaka povu liishe, na hukamua au kufyonza vizuri kabla ya kuanika. Tena humwambia mteja mapema kwamba doa likirudi, atapita mara moja zaidi bila malipo. Ahadi hiyo inagharimu saa moja ya kazi. Kukosa kuitoa kunaweza kugharimu ploti nzima ya wateja.

Vilevile, fundi asiahidi jua ambalo si lake. Kati ya Machi na Mei, sehemu nyingi hupata mvua ndefu, na zulia nene huchukua siku kadhaa kukauka. Likirudishwa na unyevu ili tu siku iliyoahidiwa isipite, litanuka uvundo sebuleni mbele ya wageni. Afadhali kuomba siku mbili zaidi kwa simu kuliko kuomba msamaha mlangoni.

Mteja anapopandisha sauti

Biashara haigombi. Mteja aliyekasirika aachwe amalize. Anayemkatiza humfanya aanze upya, tena kwa sauti zaidi. Akimaliza, fundi aombe waliangalie zulia pamoja, kisha wafungue daftari na picha. Kufika hapo, mabishano mengi hupoa, kwa kuwa kuna kitu cha kutazama badala ya mtu wa kulaumu.

Ikionekana kosa ni la fundi, aseme hivyo mara moja na atoe njia: kurudia kazi, kupunguza bei, au kulipia hasara. Zulia lililotumika miaka mitano halina bei ya zulia jipya, na hilo lizungumzwe kwa utulivu. Ikionekana kosa si lake, ashikilie neno lake kwa upole bila kumfanya mteja mjinga mbele ya watoto au majirani. Mabishano yasipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Yakifika huko, kila mmoja hutafuta ushindi badala ya suluhu.

Malipo

"Nitakutumia jioni" ni sentensi iliyowalaza wengi njaa. Bei na namna ya kulipa zikubaliwe kabla ya kazi. Wengi huchukua nusu wakati wa kuchukua zulia na nusu wakati wa kulirudisha. Malipo ya simu yathibitishwe kwenye simu ya anayelipwa. Ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja si malipo.

Mteja asipokuja kuchukua zulia lake, fundi asiliuze kiholela wala kulitandika kwake. Sheria za Kenya, Sura ya 38, zinaeleza namna mali iliyoachwa kwa fundi inavyoweza kuuzwa, na zinataka mwenye mali apewe notisi kwanza. Kuuza bila kufuata masharti hayo kunamgeuza mdai kuwa mshtakiwa.

Usalama wa pande zote

Kazi ya nyumbani kwa mtu ina hatari zake. Kabla ya kuanza, mteja aombwe aweke mbali simu, pesa na vito, na asogeze samani pamoja na fundi. Ombi hilo huzuia shutuma za wizi ambazo humharibia kijana jina hata akiwa hana hatia. Inapowezekana, waende wawili.

Kwa akina mama na wasichana wanaofanya kazi hii, iko aina ya mteja ambaye hapaswi kuitwa "mgumu" hata kidogo. Anayemshika mfanyakazi au kumtaka kimapenzi kwa nguvu anatenda kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Hakuna zulia la kumaliziwa hapo. Mfanyakazi aondoke, apige simu bila malipo kwa nambari 1195, na aripoti kwenye kituo cha polisi.

Fundi naye ana wajibu kwa familia aliyoingia kwake. Jiki isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi wala na amonia, kwa sababu hutoa hewa ya sumu. Watoto wakae mbali mpaka dawa zisuuzwe.

Maelewano yakishindikana

Mahali pa kwanza ni wawili hao wenyewe. Pa pili ni mzee wa mtaa au chifu. Katiba, Kifungu cha 159, inahimiza upatanishi. Ikishindikana, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60, na si lazima mtu awe na wakili. Hapo ndipo daftari, picha na jumbe za simu zinapokuwa ushahidi.

Mlango huo uko wazi kwa mteja pia. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa na fidia kwa hasara, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inaongeza nguvu. Fundi mwenye kibali cha biashara cha kaunti na risiti zake hana sababu ya kuziogopa sheria hizo. Zinampa mteja imani ya kumkabidhi mali yake.

Mwisho, wako wateja wa kuachwa. Anayetukana kila mara, anayebadilisha bei zulia likishasafishwa, asiyelipa mpaka afuatwe mara nne, aambiwe kwa heshima: "Kazi ya safari hii sitaiweza, mama. Samahani." Hakuna haja ya kueleza zaidi. Siku iliyookolewa hapo inatosha kumhudumia mteja mwingine anayesubiri, na ambaye huenda ana dada yake mtaa wa pili mwenye mazulia matatu.