Wimbo Utufunze Akili Mnemba



Itajwapo akili mnemba, wengi wetu hunyamaza. Wimbo waweza kutufungua vinywa. Mashine iliitenga sauti ya marehemu John Lennon na mlio wa piano katika kanda ya kale. Wenzake wawili wa The Beatles wakaukamilisha wimbo, kwa ridhaa ya warithi, ukatoka mwaka 2023. Mwaka huohuo sauti za waimbaji wa Kanada, Drake na The Weeknd, ziliigwa kwa mashine pasipo idhini yao.

Upigeni wimbo wa Lennon mkutanoni, muusimulie na ule wa pili, kisha muulize: sauti ni mali ya nani? Kahawa hupokelewa kwa mizani na stakabadhi, sauti je?

Tena, sauti ya katibu nayo yaweza kuigwa. Fedha zisitolewe kwa agizo la simu pasipo hati yenye sahihi.