KAZI YA MTOTO WA KIONGOZI NAYO INAWEZA KUWA RUSHWA

📢 *TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*

Ndugu mwanachama, haya ni maneno ya Mwenyekiti wa Tawi kwenye mkutano wetu wa Jumapili. Wengi walizuiwa na mvua, na waliofika wameomba yatumwe kama yalivyosemwa. Soma mpaka mwisho, kuna jambo la kuamua.
_Katibu wa Tawi_

➖➖➖

 

Leo sizungumzii kadi wala ada. Nazungumzia rushwa, tena ile ambayo wengi wetu tumezoea kuiita msaada.

Tukitaja rushwa, sote tunaiona bahasha. Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia, na sisi tumebaki kuikodolea macho rupia. Siku hizi mjanja hatoi rupia. Anakuuliza tu: "Mzee, yule kijana wako aliyemaliza chuo, bado yuko nyumbani?" Hakuna noti iliyohesabiwa, hakuna aliyeona haya. Unarudi kwako unamshukuru Mungu, kumbe umeshanunuliwa.

*Msidhani ni mambo ya vijijini kwetu tu.* Mwezi Novemba 2016, benki kubwa ya Marekani, JPMorgan, ilikubali kulipa takriban dola milioni 264 kwa kosa la namna hii hii. Ofisi zake za Asia, kuanzia mwaka 2006 hadi 2013, ziliajiri au kuwapa mafunzo kazini watu wapatao 100 walioombewa nafasi na maofisa wa serikali za huko. Mpango wenyewe ulijulikana kwa jina la "Wana na Mabinti". Mabosi walikuwa wanaangalia ni mtoto gani ataleta biashara gani. Ofisa mmoja wa China alidokeza kwamba akiajiriwa mtu wake, benki itapata nafasi nzuri katika uuzaji wa hisa za kampuni ya umma. Mtu huyo alitafutiwa kazi New York, akaonekana hana sifa. Ikabuniwa nafasi mpya kwa ajili yake. Benki ikapata ile biashara.

Wamarekani wana sheria ya mwaka 1977 inayokataza makampuni yao kuhonga maofisa wa nchi za nje. Kwa sheria hiyo, ajira ya mtoto ilihesabiwa kuwa kitu cha thamani, sawa na fedha.

*Na kwetu je?* Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haikutaja fedha peke yake. Inazungumzia faida, na haijali kama faida hiyo umeipokea wewe mwenyewe au umempokelea mtu mwingine. Kwa hiyo usijitetee kwamba "mimi sikuchukua hata shilingi."

Ndugu zangu, mimi naona rushwa hii ni mbaya kuliko bahasha. Bahasha ukiila imekwisha. Ajira inalipa kila mwisho wa mwezi, na kila mwisho wa mwezi inakukumbusha. Ukikaza, kijana anaachishwa, na nyumbani utaulizwa na mama yake. Halafu kuna yule aliyenyimwa. Kuna binti wa muuza maandazi mwenye cheti kizuri, amepiga picha za pasipoti, ametoa nakala, amepanda basi kwenda kwenye usaili wa kazi ambayo ilishagawiwa mezani. Huyo hatajua hata nani amemdhulumu.

*Sasa nakuja kwangu mwenyewe.* Mnajua nimo kwenye kamati ya kupokea vifaa vya ujenzi wa zahanati yetu. Mwaka jana mmoja wa wazabuni alimchukua kijana wangu awe karani wa stoo yake. Nafasi haikutangazwa. Mimi sikuomba, lakini sikukataa, na moyoni nilijua kwa nini kachaguliwa wa kwangu na si wa jirani. Mwezi wa pili lori la kokoto lilikuja halijajaa. Niliona kwa macho yangu. Dereva akanisalimia, akasema kijana anafanya kazi vizuri. Nikatia saini kwamba mzigo umetimia.

Hakuna aliyeniambia nitie saini. Hakuna aliyenitisha. Ndivyo rushwa hii inavyofanya kazi, haihitaji kusema neno.

Wiki iliyopita nimemwandikia Mtendaji wa Kijiji barua. Nimeeleza habari za lile lori na nimejitoa kwenye kamati. Kijana wangu tumekaa naye, ameacha kazi ile. Mama yake bado hajanisamehe sawasawa, na simlaumu. Uenyekiti wa tawi nauweka mikononi mwenu. Nasema haya kwa sababu siwezi kusimama hapa kumnyooshea kidole diwani au mkurugenzi wakati saini yangu iko kwenye karatasi ya kokoto.

Sisemi mtoto wa kiongozi asiajiriwe. Naye ni Mtanzania, naye kasoma. Ila mzazi ujiulize maswali matatu:

1️⃣ Nafasi ilitangazwa, na wengine waliomba?
2️⃣ Kama nisingekuwa na cheo hiki, mwanangu angeipata?
3️⃣ Huyu anayemwajiri anasubiri saini, kura au ukimya wangu?

La tatu likijibiwa "ndiyo", hiyo kazi ikatae, hata kama kijana ana shahada mbili.

*Napendekeza tuazimie hivi:*

✅ Kiongozi wa tawi au mjumbe wa kamati yoyote ambaye ndugu yake ameajiriwa na mtu mwenye kazi ya umma hapa kwetu, atangaze mkutanoni na asishiriki kuamua mambo ya mtu huyo.
✅ Tawi lisiandike tena vimemo vya kuombea watu kazi. Tukisikia nafasi, tuiweke kwenye kundi hili kila mmoja aione.
✅ Mwenye taarifa ya ajira iliyotolewa kama hongo aipeleke TAKUKURU, simu 113, bila malipo.

Zahanati ile watazaliwa wajukuu zetu. Nisingependa siku moja nione ufa ukutani nikakumbuka lile lori.



➖➖➖

*Kutoka kwa Katibu:* Mkutano ulinyamaza kidogo, kisha watu wakapiga makofi. Maazimio matatu na suala la uenyekiti vitapigiwa kura Jumapili ijayo, saa 9 alasiri, ofisi ya tawi. Mwenye simu amsomee asiye na simu. 🙏