Ndoo hizi ni za nani?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili jioni katika kipindi cha kila wiki. Tunayachapa kama yalivyosomwa.)

Leo nina deni, nami nimekuja kulikiri mbele yenu. Deni lenyewe si la fedha. Ni alama 22 nilizomnyima binti mmoja wa kidato cha tatu. Nilimnyima kwa kalamu yangu mwenyewe, na saini nikatia.

Habari ilikuwa hivi. Niliombwa niwe mmoja wa waamuzi wanne katika mashindano ya uchoraji na ufundi ya shule za sekondari hapa Dar es Salaam. Mimi si mchoraji. Nadhani niliitwa kwa sababu sauti yangu inajulikana, na pengine kwa sababu sikuuliza posho. Ukumbini tulikuta kazi 36 zimetundikwa ukutani na kupangwa juu ya meza: picha za rangi, picha za penseli, sanamu za udongo, mikoba ya ukili na gari moja la waya. Kando ya kila kazi palibandikwa karatasi ya maelezo.

Kanuni zilikuwa wazi. Alama zote ni 100: 70 za kazi yenyewe na 30 za maelezo. Maelezo yaandikwe kwa Kiingereza, yasizidi ukurasa mmoja, kisha mwanafunzi asimame mbele ya kazi yake ayatoe kwa mdomo kwa dakika tatu, kwa Kiingereza hicho hicho.

Basi tukaanza. Wa kwanza alikuwa kijana nadhifu, shati limenyooka, na picha yake ilikuwa ya tembo chini ya mlima Kilimanjaro. Kijana yule alimwaga Kiingereza bila kupumua. Alizungumzia utalii, akazungumzia uhifadhi, mabadiliko ya tabianchi na wawekezaji, akamalizia na amani ya dunia. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nikampa 27 kati ya 30. Baadaye nilimuuliza kama amewahi kumwona tembo. Akacheka, akasema hapana, alimtoa kwenye kalenda.

Sisemi hivi kwa kumdharau. Tembo alichorwa vizuri na mlima ulikaa mahali pake. Lakini yale maelezo hayakuihusu picha. Ungeyabandua ukayabandika kando ya twiga, au kando ya mamba, yangefaa vile vile. Na kadiri tulivyosogea, ndivyo karatasi zilivyozidi kufanana. Chungu cha udongo kilikuwa na ujumbe wa maendeleo endelevu. Mkoba wa ukili ulikuwa na ujumbe wa utandawazi. Waswahili wana msemo wao: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini siku ile msemo huo sikuukumbuka. Nilikuwa nikigawa alama kwa ufasaha wa Kiingereza, nikidhani napima sanaa.

Alipofika kijana wa gari la waya, kidogo mambo yabadilike. Alisoma mistari miwili ya karatasi yake, kisha akajisahau. Akalinyanyua gari lake, akaanza kutuonyesha kwa Kiswahili jinsi alivyokata magurudumu kwenye soli ya kandambili kuukuu, na jinsi usukani unavyozungusha magurudumu ya mbele kwa uzi uliopita chini ya bodi. Macho yalimwaka. Mwenyekiti wetu akamkumbusha, kwa upole kabisa, kwamba lugha ni Kiingereza. Kijana akaliweka gari chini, akairudia karatasi yake, na hatukusikia tena habari za usukani.

Ndipo akaja binti niliyemtaja. Picha yake ilikuwa ya rangi za maji kwenye karatasi ya manila. Inaonyesha ndoo na madumu, 11 kwa jumla, yamepangwa mstari mmoja kuelekea kwenye bomba lililofungwa kufuli. Bado ni giza. Upande wa kushoto inawaka taa moja ya kibanda cha duka. Mtu hayumo hata mmoja. Karatasi yake ilisema kwamba picha hii inaonyesha uwezeshaji wa mwanamke katika karne ya utandawazi. Aliikariri. Alianza vizuri, akafika sentensi ya tatu, akakwama kwenye neno moja refu. Akarudi mwanzo, akakwama pale pale. Akanyamaza. Dakika zake zikaisha akiwa anaangalia viatu vyake.

Nikampa 8. Na pembeni nikaandika, Mungu anisamehe: "Picha haina watu, haina uhai."

Ulipofika wakati wa chai, nilibaki ukumbini nikipanga karatasi zangu. Mama aliyekuwa akigawa chai na vitumbua akapita na birika, akasimama mbele ya picha ile, akacheka peke yake. "Aliyechora hii," akasema, "anajua kuamka." Nikamuuliza amejuaje. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. "Si unaona, baba, watu hawapo? Watu wanaweka ndoo saa tisa usiku, wanarudi kujilaza. Ndoo ndiyo inayopanga foleni."

Wasikilizaji, nilisikia aibu. Nikainuka nikamtafuta yule binti. Nilimkuta nje, kwenye kivuli cha mwembe. Akaniamkia, "Shikamoo, mzee." Nikamwitikia, nikamrudisha ndani mbele ya picha yake, nikamuuliza kwa Kiswahili, "Hebu niambie, mwanangu. Ndoo hizi ni za nani?"

Ilikuwa kama kufungua bomba lenyewe. "Hii ya bluu ni yetu," akasema. "Mshikio wa plastiki ulikatika, baba akafunga waya. Waya unakata mkono, ndiyo maana nimechora kitambaa hapa. Hii nyekundu ya kwanza ni ya mama wa maandazi. Yeye huwahi kuliko wote, kwa sababu lazima akande unga kabla ya adhana. Dumu hili la njano ni la babu mmoja anayeishi peke yake. Usiku hawezi kutoka, kwa hiyo kila anayesogeza ndoo yake anasogeza na dumu la babu."

Nikamuuliza habari ya jiwe lililokuwa katikati ya ndoo mbili, ambalo mpaka saa ile nilikuwa sijaliona. "Jiwe hilo ni nafasi ya mtu," akanijibu. "Jirani yetu ana ndoo moja tu. Anaogopa ikiibiwa hatakuwa na nyingine, basi anaweka jiwe, na watu wanaliheshimu."

Akanieleza kwamba ni wakati wa mgawo wa maji wa mwaka 2022, mto Ruvu ulipopungua maji na jiji hili likapanga mistari mabombani. Yeye alikuwa darasa la saba, na mama yake alikuwa akimtuma kulinda ndoo. Nikamuuliza pia kuhusu rangi ya lile giza, kwani halikuwa jeusi. Akasema rangi nyeusi ilimwishia, akachanganya bluu na kahawia. "Nilikasirika, mzee. Lakini ilipokauka nikaona alfajiri iko hivyo hasa."

Nikamuuliza swali ambalo najua nanyi mnataka kuliuliza: kwa nini hukuandika haya? Akasema, "Haya siyajui kwa Kiingereza. Na niliambiwa haya si maelezo. Maelezo lazima yawe na ujumbe." Kisha akaongeza, bila hasira, kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu yake: "Mwakani nitachora tembo."

Nilikwenda kwa mwenyekiti nikaomba nibadilishe alama. Akanisikiliza vizuri. Akaniambia, "Bwana, kanuni tulizisoma wote asubuhi. Ukimhoji mmoja kwa Kiswahili wakati wa chai, wale 35 umewapa nini?" Alikuwa na hoja, nami sikuwa na jibu. Alama zikajumlishwa. Zawadi zilikuwa tatu, na binti yule akawa wa nne, alama 6 nyuma ya wa tatu. Nikatia saini.

Sasa yuko atakayesema, haya ni mashindano tu, mbona unayakuza? Nayakuza kwa sababu ya yale maneno ya mwisho ya binti. Mtoto aliyeona jiwe linaloshika nafasi ya mtu, akajua maana yake, akalichora mahali pake, tumemfundisha kwa siku moja kwamba jicho lake halina thamani, na kwamba kalenda inalipa zaidi. Hasara hiyo ni yetu sote, kwa maana tembo tunao wa kutosha madukani, lakini foleni ile haikuwa na mwingine wa kuichora.

Wala msidhani nina ugomvi na tembo. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932 na kufariki hapa Dar es Salaam mwaka 1972, alichora wanyama na ndege kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao, na leo uchoraji wa namna ile unaitwa kwa jina lake. Picha zake ziliuzwa Oysterbay bila karatasi ya ujumbe. Mnunuzi alitazama, akapenda, akalipa. Hali kadhalika fundi wa Kimakonde. Mwulize habari ya kinyago chake cha ujamaa, ile nguzo ya watu waliobebana. Atakuonyesha kwa kidole: huyu ni mzee, hawa ni watoto wake, hawa ni wajukuu. Hatakuhutubia habari za utandawazi.

Tena tunaye Sam Ntiro, mwana wa Kilimanjaro, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki mwaka 1993. Huyu alisoma Makerere na London, na baada ya Uhuru akatuwakilisha Uingereza kama Balozi. Kiingereza hakikumpiga chenga. Mwaka 1956 alichora picha ambayo sasa imo katika makumbusho ya sanaa ya kisasa kule New York. Picha hiyo aliipa jina gani? Aliiita kwa maneno yenye maana hii: wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Basi, hakuna zaidi. Ukisoma jina unajua nani yumo, wamebeba nini, wanakwenda wapi na ni saa ngapi. Mtu aliyekijua Kiingereza kiasi kile alikitumia kusema kilichomo kwenye picha. Sisi tunawadai watoto wakitumie kukificha.

Najua jibu litakalokuja. Mtaniambia Kiingereza ni lugha ya dunia, ni lugha ya kufundishia sekondari, na wanunuzi wa sanaa wengi ni wageni. Yote ni kweli. Nami nataka watoto wetu wakijue, tena wakijue sawasawa. Lakini mtihani wa Kiingereza una siku yake na una mwalimu wake. Mashindano ya sanaa yanataka kujua mtoto ameona nini na mkono wake umefanya nini. Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, tunavaa fulana na kusoma hotuba. Kesho yake mtoto anayeeleza usukani wa gari lake kwa Kiswahili anakatishwa. Hapo sherehe imetusaidia nini?

Hata hivyo, nisiisingizie lugha peke yake. Hata kwa Kiswahili mtu anaweza kuhutubia mpaka picha ikafifia, na sisi watangazaji ni mabingwa wa kazi hiyo. Ugonjwa wenyewe ni kumlazimisha mtoto atafute neno kubwa kabla hajasema jambo lake dogo. Kwa hiyo nina maombi matatu kwa wanaoandaa mashindano ya namna hii.

La kwanza, mwanafunzi achague lugha, na anayehitaji tafsiri atafutiwe mfasiri. La pili, badala ya hotuba ya dakika tatu, waamuzi wamuulize maswali matatu tu: Hapa ni wapi na nani yupo? Umetumia vifaa gani? Ni nini kilikupa taabu? Mtoto aliyenakili kalenda atajulikana kwa swali la kwanza, na mtoto aliyeishiwa rangi nyeusi atapata alama zake kwa swali la tatu. Ombi la tatu linatuhusu sisi waamuzi: tuitazame kazi kwanza, karatasi baadaye. Mama wa chai hakusoma karatasi yoyote, na ndiye peke yake aliyeielewa picha.

Maombi hayo nimeyaandika na kuyapeleka kwa waandaaji, pamoja na kukiri kosa langu. Wamenijibu kwa adabu kwamba yatazingatiwa. Tutaona.

Nanyi wazazi mnaonisikiliza, akija mtoto leo na picha aliyoichora, usimuulize ina ujumbe gani wala amepata ngapi. Vuta kigoda ukae, umuulize hii ni nini na hiki ni cha nani. Halafu unyamaze, umwachie nafasi ya kujibu.

Na wewe binti, kama redio ya nyumbani kwenu iko wazi jioni hii: mwakani usichore tembo. Nakuwia alama 22, na siwezi kuzirudisha. Ninachoweza ni kusema hadharani kwamba picha yako ilikuwa na watu tele, nami sikuwaona.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.