Nani Aliyepanda Pikipiki? Jinsi, Ngeli na Masimulizi ya Safari



Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita niliandika makala fupi ya gazetini kuhusu safari ya pikipiki kutoka London hadi Cape Town. Chanzo nilichokitegemea kilitaja majina ya ukoo tu: Wallach na Blenkiron. Nami, bila kusita, nikaandika "mabwana hawa wawili". Makala ikachapwa. Baadaye ndipo nilipobaini kwamba Theresa Wallach na Florence Blenkiron walikuwa wanawake.

Safari yenyewe haikuwa ya mchezo. Waliondoka London tarehe 11 Desemba 1934 kwa pikipiki aina ya Panther, yenye kigari cha abiria ubavuni na tela nyuma. Walivuka Sahara, wakapita Nigeria, wakakata Kongo, Uganda, Kenya na Tanganyika, wakawasili Cape Town tarehe 29 Julai 1935. Wallach alikuwa amesomea uhandisi, na elimu hiyo haikukaa bure, kwani injini iliwaharibikia huko huko jangwani. Kitabu chake kuhusu safari hiyo, The Rugged Road, kilitoka mwaka 2001, miaka miwili baada ya yeye kufariki.

Sasa tazameni jambo hili kwa jicho la isimu. Kiswahili hakinilazimishi kutaja jinsi ya mtu. Kiambishi a- ni cha mwanamke na mwanamume, wa- vilevile. Maneno msafiri, mwendeshaji, dereva na fundi hayasemi lolote kuhusu jambo hilo. Mwandishi wa Kiingereza hawezi kwenda mbali kabla ya kuchagua kiwakilishi. Mimi ningeweza kuandika "wasafiri hawa wawili" na kubaki salama hadi nukta ya mwisho. Sarufi ilinipa ruhusa ya kunyamaza. Neno "mabwana" nililiongeza mwenyewe.

Tangu hapo nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu sentensi hii: "Wasafiri wawili walivuka Afrika kwa pikipiki, injini ilipoharibika, mmoja wao aliifungua." Huwaomba waiendeleze hadithi na kuwapa wahusika majina. Karibu wote huwapa majina ya kiume, wanafunzi wa kike wakiwemo. Hapo hudai, nao hunipinga, kwamba tusijisifu haraka kuwa lugha yetu ni ya usawa eti kwa sababu haina jinsi ya kisarufi. Kile ambacho mofolojia imekiacha wazi, mazoea hukiziba.

Mfano ulio karibu zaidi ni neno bodaboda. Lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, na kwanza lilihusu baiskeli za abiria. Leo ni jina la chombo na pia la mtu, na upatanisho wa kisarufi ndio unaotupambanulia. "Bodaboda imeanguka": hiyo ni pikipiki. "Bodaboda ameanguka": huyo ni mtu, na pengine yumo hospitalini. Herufi chache tu, lakini msomaji wa habari za ajali anazihitaji sana. Ninaposoma kwamba "bodaboda zimegonga", najiuliza waendeshaji wamekwenda wapi. Isitoshe, husikia "bodaboda wa kike" mara kwa mara. "Bodaboda wa kiume" sijakumbuka kuisikia, ila pale mtu anapotaka kulinganisha.

Kitenzi nacho kina lake. Tunasema "amepanda pikipiki" kwa anayeishika usukani na kwa anayebebwa nyuma. Ni "kuendesha" tu, kitenzi chenye kiambishi cha kusababisha, kinachotuambia nani anakifanya chombo kiende. (Kuhusu "pikipiki" kuwa tanakali sauti, naomba tuliache, lina mhadhara wake.) Basi nikiandika "Wallach na Blenkiron walipanda pikipiki hadi Cape Town", nimesema kweli, lakini msomaji aweza kuwaweka wote wawili kwenye kigari cha ubavuni na kumtafuta mwanamume wa kuwaendesha. Nilipokuja kuisahihisha makala yangu niliandika: "Wallach na Blenkiron, wanawake wawili, waliiendesha pikipiki yao." Mhariri aliyekata makala yangu ile ya kwanza bila kugusa neno "mabwana" aliniuliza kama maneno "wanawake wawili" yalikuwa ya lazima. Nilimjibu kwamba yangekuwa ya ziada kama mimi na yeye tusingalikosea mara ya kwanza.

Wanaotunga mifano ya kamusi nao wana kazi hapa. Chini ya kidahizo "endesha", au "fundi", au "injini", huwa tunamweka Juma au Ali. Wanafunzi wa uzamili waliomo ukumbini wanaweza kuanza na kamusi zilizopo maktabani, kidahizo kwa kidahizo, kisha wateremke kwenye vijiwe vya bodaboda na kusikiliza kama ni "imekuja" au "amekuja". Daftari zao nitazipokea ofisini.