Safisha Visikizi Vyako Kabla Hujaongeza Sauti

(Haya ni mazungumzo ya afisa wa kliniki wa idara ya masikio, pua na koo mbele ya wakazi waliohudhuria kikao cha afya cha wadi. Yamefupishwa kidogo.)

 

Nilialikwa nizungumze juu ya masikio, na nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia watoto wanaotoka usaha. Lakini nilipokuwa nikiingia langoni niliwahesabu vijana kumi na mmoja wenye visikizi masikioni, na wawili kati yao walikuwa wamegawana jozi moja, huyu sikio la kulia na yule la kushoto. Nikaona usaha wa watoto tutauzungumzia siku nyingine.

Nasema visikizi visivyo na waya, vile vidogo vinavyolala ndani ya kikasha chake cha kuchajia. Wengi tunaviita AirPods hata vikiwa vimenunuliwa kwa kijana wa pale stendi, na Apple yenyewe haijawahi kuviona. Hakuna ubaya. Vya bei ghali na vya bei rahisi vinachafuka kwa njia ile ile, na masikio yanayovivaa ni yale yale.

Niwasimulie kisa kimoja. Alikuja kliniki msichana anayefanya kazi ya mtandaoni. Kazi yake ni kusikiliza rekodi za watu wakizungumza na kuziandika, neno kwa neno. Akaniambia, "Daktari, sikio langu la kushoto linakufa." Mnatuita sote daktari, na sisi maafisa wa kliniki hatukatai. Alieleza kwamba kwa majuma kadhaa upande wa kushoto ulikuwa ukififia, naye akawa anaongeza sauti mpaka ikafika mwisho. Nikaliangalia sikio hilo la kushoto. Lilikuwa na nta kidogo, ya kawaida, na kiwambo cha sikio kilikuwa safi kabisa. Nikamwomba anionyeshe visikizi vyake. Kile cha kushoto, ule wavu mdogo unaotoa sauti ulikuwa umefunikwa na gamba la njano. Hakukuwa na ugonjwa wowote upande ule.

Ugonjwa ulikuwa upande wa kulia, ambao hakuja kuulalamikia. Nilipomuuliza, akasema usiku akilala husikia mlio huko kama wa nyenje. Bila shaka. Kila alipoongeza sauti ili kisikizi kilichoziba kisikike, kile cha kulia, ambacho hakikuwa kimeziba, kilipokea nguvu yote. Sikio alilodhani ni zima ndilo lililokuwa likiumia. Tulimpima usikivu, tukamwambia apumzishe masikio, na baada ya muda mlio ule ulipungua. Yeye alikuwa na bahati. Nina wagonjwa ambao mlio wao haujaondoka, na sina dawa ya kuuondoa.

Kwa hiyo, mtu akinisikia nikizungumza juu ya mswaki na kitambaa, asidhani nimeacha udaktari nikawa fundi wa simu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Ukipanda hadi desibeli 90, saa hizo zinashuka hadi 4 tu, kwa juma zima. Linashauri pia sauti ya simu isipite asilimia 60 ya kiwango cha mwisho. Sasa mtu aliyeziba wavu wa kisikizi atakaaje kwenye asilimia 60? Hawezi. Atapanda tu.

Tuje kwenye nta. Nta ya sikio si uchafu. Inalinda ngozi ya ndani, inanasa vumbi, na kwa kawaida inatoka nje yenyewe polepole, hasa unapotafuna na kuzungumza. Ukikaa na kisikizi saa sita, umeifungia mlango. Inabaki ndani, inachanganyika na jasho, na nyingine inajipaka kwenye wavu. Hivyo kisikizi kichafu hakimaanishi mtu mchafu, na tafadhali msichekane.

Kusafisha kwenyewe hakuhitaji pesa. Tafuta mswaki laini, wa mtoto, ambao haujawahi kuguswa na dawa ya meno, na kile kitambaa laini cha kufutia miwani. Kwanza toa visikizi kwenye kikasha, navyo viwe havijaunganishwa na simu. Kama vina vipira vya silikoni, vivute taratibu uvitoe. Vipira peke yake ndivyo vinavyoruhusiwa kuoshwa kwa maji. Vioshe kwa maji safi, vikung'ute, vifute, halafu viache vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha. Ukivirudisha vikiwa na maji, maji hayo yatapata njia ya kuingia kwenye wavu.

Kisikizi chenyewe kishike wavu ukitazama chini, sakafuni. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanakishika wavu ukitazama juu, wanasugua, na ukoko wote unadondoka ndani ya spika. Kikitazama chini, piga mswaki kwa wepesi, mkavu, mara kadhaa, na kile kinachobanduka kianguke nje. Nta ikiwa ngumu, usikasirike nayo. Rudia kesho. Afadhali kusafisha kidogo kila baada ya siku chache kuliko vita moja kubwa kila mwaka. Ukimaliza, futa mwili wa kisikizi kwa kitambaa. Ukitaka kuua viini, lowesha kitambaa kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, inapatikana kwa duka la dawa, ufute sehemu za nje tu. Usiguse wavu nayo. Na soma kibandiko cha chupa, kwa sababu spiriti nyingine za hospitali zimetiwa mafuta kidogo, na mafuta yanaacha utando unaonasa vumbi. Sanitaiza ya mikono pia iache, ina vitu vya kulainisha ngozi ambavyo kisikizi hakivihitaji.

Pini, sindano, njiti ya kiberiti: hapana. Nazungumza kwa uchungu. Visikizi vyangu vya kwanza nilivitengeneza kwa pini ya hijabu ya mke wangu. Wavu ulitoboka, nta ikazama ndani kabisa, na tangu siku hiyo kila mtu aliyenipigia alizungumza kama yuko ndani ya debe. Nikampelekea fundi mmoja, akaahidi kwamba angevipuliza kwa pampu ya upepo ya gereji vipone. Alivipuliza. Havikulia tena. Upepo wa pampu una nguvu kuliko kile kiwambo chembamba kilichomo ndani ya spika, na mimi ninayetibu viwambo vya masikio ndiye niliyepaswa kulijua hilo kabla ya mtu yeyote.

Kikasha nacho wengi hawakisafishi kamwe, ilhali kinakaa mfukoni na sarafu, mchanga na makombo ya mandazi. Kifungue, kigeuze, kigonge polepole kwenye kiganja. Piga mswaki mkavu ndani ya vile vishimo viwili. Chini kabisa mtaona vidoti vya metali, na vingine kama hivyo viko kwenye visikizi. Umeme unapita hapo. Jasho likikaukia hapo linaacha chumvi, na chumvi pamoja na umeme na unyevu huleta ile kutu ya kijani. Ndipo kisikizi kimoja kinakataa kuchaji, nawe unadhani betri imekufa, unatupa, unanunua vingine. Kabla hujatupa, chukua kijiti cha pamba, kiloweshe kwa alkoholi ile kidogo sana, kisiwe kinadondosha, ufute vidoti hivyo vyote, uache vikauke kikasha kikiwa wazi. Vingi vinafufuka. Tundu la chaja lisafishwe kwa mswaki mkavu tu, na waya uwe umechomolewa. Usitie chochote cha chuma humo.

Sisi wa Pwani tuna adui wa ziada, na wenzetu wa bara hawamjui sana. Upepo wetu una chumvi, na joto letu lina unyevu. Mtu akitoka kukimbia ufuoni au kuendesha baiskeli, asivirudishe visikizi kwenye kikasha vikiwa na jasho. Vifutwe kwanza, vikae wazi kidogo. Vikiangukia maji ya bahari, vifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kwa kitambaa kikavu, halafu viache nje ya kikasha mpaka vikauke kabisa. Usivitie kwenye mchele. Mchele una unga wake, nao utaingia kwenye wavu. Usivianike juani wala kuviweka karibu na jiko, kwa sababu kila kisikizi kina betri ya lithiamu ndani yake, hata kama ni ndogo kama punje ya mbaazi, na betri hizo hazipendi moto.

Kuna mtu ataniambia, "Lakini vyangu havipenyi maji, vimeandikwa IPX4." Hiyo ina maana vinavumilia kurushiwa matone kutoka pande zote. Haina maana vinaweza kulowekwa kwenye beseni. Na mara nyingi alama hiyo ni ya visikizi, kikasha hakimo. Kwa hiyo mama, kabla hujaloweka suruali ya kijana wako, pekua mifuko.

Kikasha kikivimba, au kikawa cha moto mno kinapochaji, acha kukitumia. Usikitoboe, usikifungue, usikitupe kwenye moto wa taka nyuma ya nyumba wala chooni. Kipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki.

Sasa nyinyi wawili mliogawana jozi langoni, sitawataja. Ngozi ya ndani ya sikio ina joto na giza, na sasa mmeiongezea unyevu na kuifunga. Ukungu hupenda mahali kama hapo. Kliniki yetu haikosi mtu mwenye ukungu wa masikio: anawashwa mpaka anataka kulia, sikio linaziba, linatoa majimaji. Mtu huyo akimwazima mwenzake kisikizi, anamwazima na hayo pia. Ikiwa lazima mgawane, kifutwe kwanza na vipira vibadilishwe. Na ukianza kuwashwa, acha visikizi kabisa mpaka upone, kwa sababu ukivivaa juu ya dawa unajitibu kwa mkono mmoja na kujiambukiza kwa mwingine.

Usijikune kwa kijiti cha pamba. Kijiti hicho nilichosema ni cha kikasha, si cha sikio. Ndani ya sikio kinasukuma nta mpaka kwenye kiwambo, kikaishindilia kama mtu anayejaza gunia la mkaa. Wala usitie mafuta ya moto, maji ya kitunguu saumu au kitu chochote ulichoshauriwa na jirani. Ikiwa kiwambo kimetoboka, na wewe huwezi kujua kwa kujiangalia, vitu hivyo vinaingia mahali pasipofaa kabisa. Njoo zahanati. Tukishindwa tutakuandikia uende hospitali ya rufaa. Sikio linalouma, linalotoka usaha, linalolia kama nyenje, au lililopoteza usikivu ghafla, hilo la ghafla hasa, lisingoje hata siku ya pili.

Na njia rahisi ya kujua kama tatizo ni lako au la kisikizi: badilisha masikio. Ikiwa umbo linaruhusu, kile cha kushoto kitie kulia kwa dakika moja. Ufifi ukihama pamoja na kisikizi, kisafishe. Ukibaki kwenye sikio lile lile, njoo tukuone. Yule msichana angefanya hivyo siku ya kwanza, hangehitaji kupanda sauti hata kidogo.

Pale mezani nimeweka miswaki mipya, vitambaa na alkoholi. Mwenye visikizi avitoe, apange foleni, tuvisafishe sasa hivi, kila mtu ashike vyake. Na mama yule wa leso ya manjano ameinua mkono tangu zamani, tumsikilize yeye kwanza.