Mbwa Atorokaye Uani

Mbwa hatoroki bila njia wala bila sababu. Mwenye mbwa na achunguze kwanza: je, huchimba chini ya ua, huruka juu yake, au hupenya langoni? Kwa achimbaye, wavu wa waya ufukiwe ardhini futi moja. Kwa arukaye, ua uinuliwe, na magogo yaliyo karibu yaondolewe. Apewe maji, kivuli na matembezi kila siku. Asipigwe arudipo, asije akaogopa kurudi. Tena achanjwe kila mwaka, kwani huko nje aweza kuumwa na mbwa mwenye kichaa, naye mtu akishaanza kuugua kichaa hicho, ni nadra mno kupona. Ua imara huwalinda watoto wa jirani pia.